Risasi Isiyolia

Mhadhara uliotolewa mbele ya viongozi wa kanda, walimu na wahudumu wa afya wa kujitolea, Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi

Nimeombwa niseme Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotukutanisha sisi wa Uvira, Bukavu, Bujumbura na kwingineko. Mwalimu aliyekaa kulia kwangu atawafasiria ndugu zetu wa vijiji vya Dowa kwa Chichewa kila hoja inapokwisha, kwa hiyo nikinyamaza msidhani nimesahau.

Kusudi langu ni moja. Nataka tuondoke hapa tukikubaliana kwamba kuna vitu vya nyumbani ambavyo hapa kambini havina mahali pa kutupwa, na kwamba kwa sababu hiyo usalama wetu uko katika kuvitunza vikiwa vizima mpaka apatikane wa kuvichukua kwa njia halali. Nitalieleza hilo kwa hoja tano.

Kabla ya hoja, neno. Kiswahili chetu kina jina moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile iliyotufukuza makwetu. Kila aliyemo humu aliisikia ikilia usiku, akabeba mtoto na sufuria akakimbia. Risasi pia ni madini: mazito, laini, ya kijivu, yanayoyeyuka upesi, na ambayo tangu zamani watu waliyamimina kutengenezea ile ya kwanza. Madini hayo yamo ndani ya betri ya sola uliyoiweka chini ya kitanda. Hayalii, hayatoi harufu, na mtoto anayeyalamba haoni uchungu wowote ulimini. Tumeikimbia risasi moja kwa miguu. Hii nyingine tumeinunua sokoni na kuibeba wenyewe hadi nyumbani.

Hoja ya kwanza: Taka hatarishi zimo ndani ya chumba unacholala

Mtu akisikia "taka hatarishi" huwaza viwanda na maroli. Wataalamu hawaangalii ukubwa. Wanaangalia alama nne: kitu kinashika moto upesi, kinababua, kinalipuka au kutoa hewa mbaya kikikutana na kingine, au kina sumu. Alama moja inatosha.

Sasa kila mmoja azunguke chumba chake kwa akili. Mafuta ya taa yaliyobaki kwenye chupa. Kopo la rangi. Sumu ya panya iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Vidonge vya nusu dozi, wembe, sindano ya mgonjwa wa kisukari. Simu iliyovimba tumbo. Taa ya mrija yenye zebaki ndani. Klorini iliyobaki tangu kipindupindu cha 2022 na 2023, kile kilichoua watu zaidi ya 1,700 nchini Malawi. Klorini iliokoa wengi, nami siisemi vibaya. Lakini ukiimwaga palipomwagika maji ya betri, au ukaichanganya na dawa ya choo yenye asidi, utatengeneza hewa inayochoma mapafu, tena katika chumba kisicho na dirisha.

Kisha yako mawe ya redio na ya tochi. Hapo sina budi kuungama. Nilipokuwa mwalimu kijana, upande wa Uvira, ubao wetu ulichakaa hata chaki ikawa haionekani. Nikaagiza kila mwanafunzi alete mawe mawili yaliyokufa. Tukayapasua, tukatoa ule unga mweusi, tukauchanganya na maji ya majani yaliyopondwa, tukapaka ubao kwa mikono mitupu. Ukawa mweusi wa kupendeza. Mkaguzi alipokuja akatusifu. Ule unga una manganizi, na vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Watoto wa dawati la mbele walilivuta muhula mzima. Na mimi, wapendwa, ndiye niliyekuwa mwalimu wa kemia. (Kicheko.)

Mmecheka, na mnayo haki. Mahali hapa kabla ya 1994, kambi ilipofunguliwa, palikuwa gereza la wakati wa Rais Kamuzu Banda, na wenyeji hulisikia ndani ya jina lake neno la mfungwa anayetubu: ndidzaleka, nitaacha. Niliposoma habari za manganizi nilisema hivyo hivyo, tena bila kufungwa. Ninalosema leo ni mafunzo ya mtu aliyekosea kwa nia njema, kama wengi wetu.

Hoja ya pili: Katika taka hizo, betri ya risasi ndiyo inayotudai zaidi

Kwa nini betri zimekuwa nyingi? Kambi hii ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumezidi 50,000. Kaya nyingi za Malawi hazina umeme wa gridi, na hata walionao wamejifunza kutoutegemea: Januari 2022 dhoruba iliyoitwa Ana iliharibu mtambo wa Kapichira kwenye Mto Shire, na takriban asilimia 30 ya uwezo wa umeme wa nchi ikapotea kwa mkupuo. Kuanzia Lilongwe hadi huku Dowa watu wakazidi kutafuta sola. Betri ndiyo inayowasha taa ya mkunga usiku, inayochaji simu tunazosubiria habari za ndugu, inayoendesha mashine ya kinyozi na vipaza sauti vya kanisa. Sitaki mtu atoke hapa akisema mwalimu amepinga sola.

Lakini betri hufa, na za bei nafuu hufa upesi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Kinachobaki ni plastiki na ile tindikali tunayoiita maji ya betri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliofuatilia kinachotokea hapa Malawi, walichapisha matokeo yao mwaka 2024. Waliwaona mafundi katika mitaa ya masoko wakipasua betri kwa panga, wakiyeyusha risasi juu ya jiko la mkaa, wakimimina upya sahani za betri kwa mkono. Walikadiria kwamba betri moja ya kawaida ikifanyiwa hivyo huacha kilo 3.5 hadi 4.7 za risasi katika mazingira, yaani karibu nusu ya risasi yake yote. Na kwamba kiasi hicho kinazidi mara mia moja dozi inayoweza kumuua mtu mzima akiimeza.

Hakuna uchawi hapo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na jiko la mkaa, yaani mbaula, au mbabula kama tulivyozoea kwetu, hupita kiwango hicho bila hata kupepewa. Moshi hutua juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya unga wa mahindi ulioanikwa. Tindikali humwagwa chini ikiwa imebeba risasi. Mvua inakuja, jua linakuja, tope linakuwa vumbi, mtoto anatambaa, anaweka kidole mdomoni.

Na mtoto ndiye anayelipa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Katika kiasi kilekile kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya ule wa mtu mzima. Mwili hudanganyika, ukadhani ni kalisi, ukaiweka mifupani kama akiba, na huko hukaa miaka mingi. Mama akishika mimba, mifupa hutoa kalisi kumpa mtoto, na risasi huenda nayo. Dalili hazijitangazi: tumbo linauma, damu inapungua, mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo. Sisi walimu tunasema ni mtukutu. Mama mkwe anasema amerogwa. Ni kipimo cha damu pekee kinachoweza kusema ukweli.

Nina mifano miwili. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watu walipepeta mchanga uliojaa mabaki ya betri kutafuta risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Wa pili uko kwenye pwani ya Waswahili wenyewe: Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukutani mwa makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mtoto wake ana risasi katika damu, akaanza kuuliza maswali, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi baada ya jiko kuzimwa, watu bado walikuwa mahakamani.

Hoja ya tatu: Moto, choo na shimo havimalizi kitu

Nikiuliza mtu afanye nini na kitu cha sumu, nitapewa majibu matatu. Nayasikia hata sasa yakinong'onwa kule nyuma. Choma. Tumbukiza chooni. Fukia.

Tuanze na moto. Moto humaliza karatasi na mabua. Risasi ni elementi. Hata ukiichoma wiki nzima itabaki risasi, isipokuwa sasa imepanda moshi na kuingia nyumba kumi badala ya moja. Waya wa plastiki uliochomwa ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu ambazo hazikuwamo kabla ya moto. Kopo la dawa ya mbu hulipuka. Betri ya simu hulipuka pia, kwa kuwa lithiamu iliyomo haitaki kutobolewa wala kuchomwa.

Choo nacho kina mwisho. Kambi imebanana, choo kikijaa huchimbwa kingine hatua chache pembeni, na mvua kubwa ikinyesha vyoo vingine hubomoka na kutoa vilivyomo. Maji tunayoyavuta kwenye pampu, mjigo kama wanavyosema wenyeji wetu, yanatoka katika ardhi hiyohiyo. Dawa za hospitali hazifai humo. Zirudishwe kituo cha afya au kwa mfamasia. Sindano na nyembe ziwekwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, zipelekwe hukohuko.

Na shimo? Mwaka huu utafukia, mwakani mwenzako atapanda mboga juu yake, kwa sababu hapa hakuna kiwanja kinachobaki bila kazi misimu miwili. Risasi haiozi. Mjukuu wako ataikuta palepale.

Naona kijana ananyoosha mkono. Anasema, basi tupeleke Lilongwe. Asante. Lilongwe iko zaidi ya kilomita 40, na jalala la jiji, lile la Area 38, hupokea taka zikiwa zimechanganyika. Mto Lilongwe huingia Linthipe, Linthipe huingia ziwani, na ziwani ndiko inakotoka usipa unayoipenda kwa ugali. Ukiitupa Lilongwe bila kumkabidhi mtu, umeipa sumu nauli ya kukurudia. (Kicheko.)

Hoja ya nne: Chombo cha sumu hakigeuki kuwa chombo cha chakula

Hii nitaipita upesi, kwa kuwa mama zangu mnaijua kuliko mimi. Mashamba yanayotuzunguka ni ya tumbaku, mahindi na soya, na dawa za wadudu hutumika. Dumu likiisha dawa linaonekana zuri, gumu, lina mpini, na mtu atalinunua achotee maji. Plastiki hunywa dawa. Utaosha kwa sabuni na mchanga, harufu itaondoka, dawa itabaki na kujitoa kidogokidogo ndani ya maji. Mkulima anayefuata utaratibu husuuza dumu mara tatu mara tu linapokwisha, maji ya kusuuzia huyarudisha kwenye bomba la kupulizia na kuyanyunyiza shambani, kisha hulitoboa ili asipatikane wa kulitamani. Kule kutoboa ndiko muhimu. Tundu moja la msumari limeokoa familia kuliko mahubiri mengi, baba mchungaji unisamehe.

Na kinyume chake pia: usimimine dawa, mafuta ya taa wala maji ya betri kwenye chupa ya soda. Mtoto hasomi maandishi. Anasoma umbo la chupa.

Hoja ya tano: Fundi si adui

Hapa ndipo penye ugumu, na sitaki kupakwepa. Kuna mtu humu, au ndugu yake, anayekula kwa kupasua betri. Nchi hii inatutaka tukae kambini; mwaka 2023 waliokuwa wakifanya biashara mijini waliamriwa warudi Dzaleka. Anayetafuta riziki ndani ya ua hachagui sana kazi. Na fundi yule, wenzangu, ndiye wa kwanza kulishwa sumu, na wa pili ni mwanawe anayelala juu ya nguo zake za kazi. Tukimfukuza sokoni atahamia nyuma ya nyumba yake, karibu zaidi na watoto.

Tatizo liko kwenye mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipia kilo za risasi, na mara nyingi hutaka betri iliyokwisha kumwagwa maji. Kwa hiyo aliyemwaga sumu uwanjani hulipwa vizuri, aliyeleta betri nzima hukatwa bei. Tukitaka kubadilisha mwenendo, tuigeuze mizani hiyo: chama cha wafanyabiashara kikubaliane kwamba betri inauzwa nzima, na tindikali yake ndani, au haiuzwi.

Fundi ana kazi nyingine safi na yenye heshima, nayo ni kurefusha umri wa betri. Afunge kidhibiti cha chaji. Amwambie mteja asiimalize betri hadi taa ife, na asitumie ya gari, ambayo imeundwa kuwasha injini na haivumilii kukamuliwa usiku kucha. Aongeze maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi za kisimani. Betri iliyodumu miaka minne badala ya mmoja imetuondolea betri tatu za kutupa, na fundi amelipwa mara zote alizoitembelea.

Tufanye nini kuanzia leo

Sitawaacha na hofu mikononi. Mambo haya yanawezekana kwa fedha tuliyonayo.

Nyumbani, tenga ndoo moja yenye kifuniko, mbali na jiko na mbali na watoto. Humo viingie mawe ya tochi, simu zilizokufa, taa zenye zebaki. Betri kubwa isimame wima juu ya beseni la plastiki, isipasuliwe wala kumwagwa. Ikivuja, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi na umwagie majivu. Majivu huituliza tindikali. Angalia, hayaiondoi risasi: udongo ule ukwanguliwe, ufungwe, uwekwe pamoja na betri. Taa ikivunjika, toeni watoto, fungueni mlango, ngojeni robo saa, mkusanye vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa chenye maji. Ufagio utavirusha hewani.

Kwenye nyumba iliyo jirani na fundi, panguseni sakafu kwa kitambaa kibichi, watoto wanawe mikono kabla ya kula, nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi. Na walisheni. Mtoto mwenye chuma na kalisi ya kutosha hufyonza risasi kidogo. Maharage, mboga za majani, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, usipa kwa wenyeji, ndagala kwa sisi wa Tanganyika: hayo ni sehemu ya ulinzi.

Kwenye kanda, tuwe na kituo kimoja cha kukusanyia, chenye paa na sakafu ya saruji na kufuli. Kanda ya Kawale ianze, za Lisungwi na Katubza zifuate.

Na juu yetu ipo sheria. Malawi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2017 na mamlaka ya kuisimamia. Mkataba wa Basel wa 1989 unahesabu betri chakavu za risasi kuwa taka hatarishi, zisizovuka mpaka bila idhini ya nchi zinazohusika. Kenya, kwa sheria yake ya 2022, imewabebesha watengenezaji na waingizaji bidhaa jukumu la bidhaa hizo hata baada ya kufa. Lipo swali la haki la kumuuliza kila anayeleta betri Lilongwe: uliyeileta mpya, utaichukua lini ikiwa kuukuu?

Lakini swali likiulizwa bila hesabu halijibiwi, na hilo hakuna anayelijua kuliko sisi. Tulipofika hapa, kitu cha kwanza kilichofanyika kilikuwa kuandikishwa: jina, umri, ulikotoka, mko wangapi. Asiyeandikwa hakupata unga. Tumeishi kwa orodha miaka yote hii, tukazilalamikia na kuzisubiri, na tumejifunza kwamba kisichohesabiwa hakigawiwi wala hakishughulikiwi.

Basi tuziandikishe betri. Naomba kila mwenyekiti wa kanda achukue daftari, na vijana wawili wanaoandika vizuri, wapite mlango kwa mlango: betri ngapi zinafanya kazi, ngapi zimekufa, ziko wapi, zilinunuliwa lini. Ndani ya miezi mitatu tukutane tena katika ukumbi huu. Sitakuja na mhadhara. Nitakuja kusikiliza namba, na namba hizo ndizo tutakazozibeba kwenda kwa mkuu wa wilaya Dowa, kwa mamlaka ya mazingira na kwa wauzaji wa Lilongwe. Daftari la kwanza nimeshalinunua, mwenyekiti, hili hapa. Ukurasa wa kwanza nimeandika nyumba yangu: betri moja hai, mbili zimekufa, nzima, chini ya paa.